Balbu ya kumi: kwa nini LED hazielewani na dima ya zamani

Sebule ina taa kumi zilizozamishwa darini, zote za halojeni, zote zikitawaliwa na dima moja ukutani. Mwenye nyumba ameamua kuhamia LED taratibu: leo balbu mbili, baada ya muda tatu, hivyo hivyo hadi ikabaki halojeni moja tu. Muda wote huo mambo ni shwari. Akizungusha dima taa zinafifia, akiirudisha zinang'aa. Siku anapoichomoa ile halojeni ya mwisho na kuweka LED ya kumi, dari nzima inaanza kupepesa. Anairudisha ya zamani, taa zinatulia. Anahisi balbu ya kumi ni mbovu, anaibadilishia nafasi na ya nne, kisha na ya saba, na kila mara jibu ni lile lile: halojeni moja ikiwemo, amani, ikitoka, vurugu.

Balbu ya kumi haina kosa. Halojeni iliyobaki ndiyo iliyokuwa ikiibeba dima mgongoni, na ilipoondoka dima ikakosa pa kushika. Hili ndilo jambo ambalo boksi la balbu halilisemi waziwazi. Maneno "inaweza kufifishwa" yaliyochapwa pale si sifa ya balbu peke yake. Ni sifa ya balbu ikiwa pamoja na dima iliyoko ukutani na, kama ipo, transfoma iliyojificha juu ya dari. Ukibadilisha kimoja bila kuulizia hali ya vile vingine viwili, unabahatisha.

## Uzi uliovumilia kila kitu

Ndani ya halojeni kuna uzi mwembamba wa tungsteni uliosokotwa kama springi. Umeme ukipita uzi unapata moto hadi karibu kelvini 3,000, na moto huo ndio mwanga wenyewe. Kichupa kinachouzunguka kina gesi yenye iodini au bromini kidogo, elementi za jamii inayoitwa halojeni, na kazi yake ni ya kijanja: tungsteni inayovukizwa na joto inanaswa na elementi hizo na kurudishwa kwenye uzi, badala ya kuganda kwenye kioo na kukitia weusi. Wahandisi wa General Electric walipata hataza ya taa ya namna hii mwaka 1959, na kwa miongo iliyofuata ikawa ndiyo taa ya fahari ya madukani, hotelini na majumbani.

Kwa dima, uzi huu ni mteja asiye na masharti. Ni kipande cha chuma tu: mpe umeme mwingi atang'aa, mpe kidogo atafifia, mkatie katikati ya wimbi hatauliza. Tena uzi una kumbukumbu ya joto. Ukiukatia umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde haupati muda wa kupoa, kwa hiyo mwanga hauonyeshi lile pengo. Uchafu wote wa umeme wa nyumbani, mikwaruzo yake na mapengo yake, ulikuwa ukimezwa na uzi huo kimyakimya.

Gharama ya uvumilivu huo ni kwamba karibu sehemu tisa kati ya kumi za umeme zilikuwa zikiishia kuwa joto. Taa kumi za wati 50 ni wati 500. Zikiwaka saa nne kila siku zinakula uniti 2, yaani uniti 730 kwa mwaka. LED kumi za wati 5, zenye mwanga unaokaribiana na huo, zitakula uniti 73. Hesabu hii ndiyo inayowafanya watu wapande ngazi, na ni hesabu ya kweli.

## Kilichomo ndani ya LED

Balbu ya LED inafanana na halojeni kwa umbo tu. Mbele ina vipande vidogo vya semikondakta vinavyotoa mwanga wa buluu, vimefunikwa kwa unga wa fosfori unaogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa manjano na nyekundu, na mchanganyiko wake machoni ni mweupe. (Buluu ndiyo iliyokuwa kikwazo. LED nyekundu ilikuwepo tangu 1962, lakini buluu yenye nguvu ilisubiri hadi miaka ya 1990, na Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi hiyo mwaka 2014.) Kila kipande kinataka umeme wa mkondo mmoja, usiogeuka, wa volti kama 3 hivi. Umeme wa ukutani ni wa kwenda na kurudi, wa volti 230 au 120 kutegemea nchi. Kwa hiyo kwenye kitako cha balbu kumebanwa kisanduku cha elektroniki, ambacho mafundi wengi hukiita drava, chenye diodi za kunyoosha umeme, kapasita ya kuuhifadhi na chipu ya kuusimamia.

Drava ya kawaida imefundishwa jambo moja: hakikisha mkondo unaokwenda kwenye LED haubadiliki, hata umeme wa nje ukiyumba. Ukiiunga kwenye dima na kuteremsha mwanga, yenyewe inadhani umeme umeyumba na inajitahidi kufidia. Dima inavuta chini, drava inavuta juu. Ndiyo maana balbu isiyofaa kwa dima haififii vizuri: inabaki ileile hadi ghafla izime, au inapepesa, au inaungua mapema. Kuiacha dima juu kabisa si tiba ya uhakika, kwa sababu dima nyingi hukata wimbi kidogo hata zikiwa mwisho.

Drava ya balbu inayoweza kufifishwa imeongezewa kazi ya pili. Inaangalia wimbi limekatwa kiasi gani, inalichukulia pengo hilo kuwa ni agizo, kisha inapunguza mkondo wa LED kulingana nalo. Inasoma ishara. Na msomaji yeyote anaweza kusoma vibaya maandishi yakiwa mabovu.

## Dima hufanya nini hasa

Wengi hudhani dima inapunguza volti, kama bomba linavyopunguza maji. Sivyo. Umeme wa nyumbani huenda na kurudi mara 50 au 60 kwa sekunde, na kila mzunguko una nusu mbili, kwa hiyo kuna nusu-mawimbi 100 au 120 kila sekunde. Dima hukata kipande cha kila nusu-wimbi na kuacha kilichobaki kipite. Ukitaka mwanga mdogo, inakata zaidi.

Kuna namna mbili za kukata, na tofauti yake ndiyo chanzo cha nusu ya matatizo yote.

Dima ya zamani, iliyotengenezwa kwa ajili ya balbu za uzi, hukata mwanzo wa wimbi. Nusu-wimbi inapoanza dima inakuwa imefunga, inasubiri, kisha inafungua ghafla katikati na kuacha mkia upite. Kifaa kinachofanya hivyo huitwa triaki, na kina tabia moja ya kukumbuka: kikishafunguka hujishikilia wazi kwa nguvu ya mkondo unaopita ndani yake. Mkondo ukishuka chini ya kiwango fulani kinajifunga chenyewe, hata kama wimbi halijaisha. Ndiyo sababu dima ya aina hii huandikwa mzigo wa chini kabisa, kwa mfano wati 60 hadi 600. Zile 60 ni sharti la triaki kuweza kujishikilia, nawe ukishuka chini yake ujue unavunja sharti.

Sasa turudi sebuleni. LED tisa na halojeni moja: wati 45 na wati 50, jumla 95. Sehemu kubwa ya mzigo huo ni uzi wa chuma unaovuta umeme bila kukatisha, mwanzo hadi mwisho wa kila nusu-wimbi. Triaki inajishikilia vizuri. Ondoa halojeni, weka LED, na jumla inakuwa wati 50, chini ya kiwango. Zaidi ya hapo, LED nyingi hazivuti umeme mfululizo. Huuvuta kwa mafundo, pale kapasita yake inapohitaji kujazwa. Katikati ya mafundo mkondo unakaribia sifuri, triaki inaachia, inawashwa upya, inaachia tena. Drava kumi zinasoma fujo hiyo kama maagizo kumi yanayopingana, na hakuna uzi wa moto wa kuificha: LED hufuata kila badiliko la mkondo papo hapo, na kapasita ndogo iliyomo kwenye drava haiwezi kufuta mapengo yote.

Kiwango cha juu cha mzigo nacho kina mtego. Triaki inapofungua ghafla katikati ya wimbi, volti inaruka kutoka sifuri hadi mamia kwa kufumba na kufumbua, na kapasita ya kila balbu inameza umeme kwa pupa. Dima inapigwa na vishindo hivyo mara 100 kwa sekunde, na waya uliosokotwa ndani yake unaanza kuvuma. Kwa sababu hiyo mafundi wengi hufuata kanuni ya mkono: ukiunga LED kwenye dima ya zamani, chukua moja ya kumi tu ya wati zilizoandikwa. Dima ya wati 600 ihesabu kuwa ya wati 60 za LED. Tazama kejeli iliyopo: dima ya wati 60 hadi 600 haitaki mzigo chini ya 60, na kwa LED haitaki zaidi ya 60. Hakuna nafasi iliyobaki.

Namna ya pili ya kukata ni ya upole. Dima inaacha nusu-wimbi ianze yenyewe kutoka sifuri, ipande, kisha inaikata mwishoni. Hutumia transista badala ya triaki, na transista haihitaji mkondo wa kujishikilia: inafunguka na kufunga kwa amri. Kapasita za balbu zinajaa taratibu wimbi linapopanda, kelele inapungua, na mzigo wa chini unaweza kuwa wati chache tu. Dima nyingi zinazouzwa leo kwa ajili ya LED ni za aina hii, au ni za kubadilika, ambazo hukagua mzigo na kuchagua zenyewe upande wa kukata. Kwenye nyingi zimechapwa herufi ndogo: R na L kwa ile inayokata mwanzo, R na C kwa inayokata mwisho, na zote tatu kwa ile inayoweza yote mawili.

Nikiulizwa pesa ziende wapi kwanza, nasema ziende ukutani. Watu hununua balbu ghali, wanashindwa, wananunua nyingine ghali zaidi, kumbe dima iliyowashinda ni ya miaka ishirini iliyopita.

## Yule wa tatu, juu ya dari

Zima umeme, subiri balbu ipoe, ichomoe uitazame kitako. Kama ina vijiti viwili vifupi vinene vyenye vichwa, na ulilazimika kuizungusha kidogo ndipo itoke, hiyo ni GU10, inayokula umeme wa nyumba moja kwa moja. Mambo yako ni mepesi: unashughulika na balbu na dima tu.

Kama ina sindano mbili nyembamba na ilitoka kwa kuvutwa, hiyo ni ya volti 12, kwa kawaida yenye kitako cha GU5.3, na watu huiita MR16 kwa kufuata umbo la kioo chake. Juu ya dari kuna transfoma inayoshusha umeme. Hapo kichwa ndipo kinapoanza kuuma.

Transfoma ya zamani kabisa ni ya chuma na nyaya za shaba: nzito kama jiwe, huvuma kidogo, na mara nyingi hulisha taa kadhaa. Ni mvumilivu. LED nyingi za volti 12 zitawaka juu yake bila taabu. Iliyokuja baadaye ni ya elektroniki: kisanduku chepesi cha plastiki, mara nyingi kimoja kwa kila taa, ambacho huukatakata umeme kwa kasi ya makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde ili kiweze kuushusha kwa vifaa vidogo. Isome lebo yake. Utakuta kitu kama 20–60 VA (VA ni kipimo cha mzigo kinachokaribiana na wati). Ile 20 ina maana ileile ya ile 60 ya dima: mzigo ukipungua hapo, transfoma haina uhakika kama kuna kitu kimeungwa. Halojeni ya wati 50 ilikuwa ndani kabisa ya kiwango hicho. LED ya wati 5 ni robo ya kiwango cha chini. Basi transfoma inajaribu kuwaka, inakata tamaa, inajaribu tena, na taa inapepesa hata kama hakuna dima kabisa kwenye saketi.

Hapa ujanja wa kuacha halojeni moja haufanyi kazi, maana kila transfoma inautazama mzigo wake yenyewe, wala haijui jirani anakula nini.

Ongeza dima juu ya hayo. Dima inalikata wimbi, transfoma inalikatakata lile lililokatwa, kisha drava ya balbu inajaribu kukisia mwenye nyumba alitaka mwanga kiasi gani. Ni kama ujumbe uliopitia kwa watu wawili wasiosikia vizuri. Wakati mwingine unafika. Kuna mchanganyiko wa dima, transfoma na balbu unaofanya kazi vizuri mno, na ukiupata ushukuru, ila hauwezi kuutabiri kwa kusoma maboksi.

Kwa hiyo penye transfoma za elektroniki na dima, mimi huona ni heri kuziondoa zote kuliko kutafuta balbu ya miujiza. Fundi anaweza kuleta umeme wa nyumba hadi kwenye taa na kufunga holda za GU10. Lakini asibadilishe holda peke yake na kuondoka. Kuna mambo matatu ya kumuuliza. Waya unaotoka kwenye transfoma hadi kwenye taa ulikuwa wa volti 12. Je, ngozi yake inaruhusiwa kubeba umeme wa nyumba? Fremu ya chuma ya taa haikuhitaji waya wa ardhi ilipokuwa ya volti 12; sasa inauhitaji, je, ina mahali pa kuufunga? Na kama taa iko juu ya bafu au bomba la kuogea, inawezekana volti 12 ilichaguliwa kwa ajili ya usalama, na kuipandisha ni kuufuta ulinzi uliowekwa makusudi. Mara nyingi majibu ya maswali hayo matatu yanaelekeza kitu kimoja: toa taa nzima, weka mpya iliyotengenezwa kwa umeme wa nyumba na kwa mahali hapo.

## Mwanga utakaoupata

Ukishapata amani kati ya balbu na dima, bado kuna suala la kama utaupenda mwanga wenyewe. Wati sahau. Zinasema balbu inakula kiasi gani, hazisemi inatoa nini. Tazama lumeni, kipimo cha mwanga unaotoka: halojeni ya GU10 ya wati 50 ilitoa lumeni kama 350 hadi 400, na LED nzuri ya wati 5 inafika hapo.

Pembe ya mwanga ndiyo inayosahauliwa. Halojeni nyingi za darini zilimwaga mwanga kwa pembe ya nyuzi 36 au 38, ndiyo maana meza iling'aa na kona zikabaki na kivuli. Ukiweka LED ya nyuzi 120 yenye lumeni zilezile, mwanga unasambaa, meza inaonekana imefifia, kuta zinameremeta, na unapotazama juu unachomwa machoni. Balbu si dhaifu, imemwaga mwanga wake kwingine. Ukipenda sura ya zamani tafuta pembe ya zamani.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini. Halojeni ilikaa kati ya 2,800 na 3,000, kwa hiyo LED ya 2,700 au 3,000 ndiyo ndugu yake wa karibu. 4,000 ni nyeupe ya ofisini, na 6,500 kwa sebule ya jioni mimi siiwezi. Kisha tazama CRI, kipimo cha jinsi rangi za vitu zinavyoonekana sawasawa chini ya taa hiyo. Halojeni iko karibu na 100. LED ya kawaida ni 80, na tofauti unaiona kwenye nyama, matunda na nyuso za watu, maana LED za bei rahisi huzinyima rangi nyekundu haki yake. Tafuta 90 na kuendelea kwa jikoni na mahali pa kula.

Kuna kitu kimoja halojeni ilikifanya bila kuombwa: ilipofifia ilizidi kuwa ya dhahabu, kwa sababu uzi uliopoa hung'aa kwa wekundu zaidi. LED ya kawaida ikififia inabaki na rangi yake ileile, na mwanga mdogo wa rangi isiyobadilika huonekana wa kijivu, wenye ubaridi. Wapo wanaoishi nao bila kugundua. Wapo wanaogundua usiku wa kwanza na hawatulii tena. Kwa hao zipo LED zenye vipande vya rangi mbili, ambazo hushuka kutoka karibu 2,700 hadi 2,000 na ushei zinapofifia. Zinagharimu zaidi, na kwa chumba cha kupumzikia naona zinastahili.

Halafu kuna suala la kina. Boksi likisema balbu inashuka hadi asilimia 10, usidhani hilo ni giza. Jicho hujipanua mwanga unapopungua, na asilimia 10 ya kipimo cha mashine huonekana kwa mtu kama theluthi hivi ya mwanga kamili. Ili chumba kionekane kimeshuka hadi sehemu ya kumi, balbu inabidi ifike asilimia 1. Halojeni ilifika huko bila taabu. LED nyingi haziwezi. Anayetaka mwanga wa kutazamia filamu na aangalie tarakimu hii kabla ya nyingine yoyote.

## Vituko vidogo

Taa inabaki na mwanga hafifu kama wa kimulimuli hata baada ya kuzimwa. Watu huogopa, na wengine huanza kuizungumzia nyumba vibaya. Sababu ni umeme kiduchu unaovuja: ama dima au swichi ya kisasa isiyo na waya wa nyutro (ule wa kurudishia umeme), inayopitisha mkondo mdogo kupitia balbu ili yenyewe iendelee kuishi, ama swichi yenye kitaa kidogo cha kuonyesha ilipo gizani, ama nyaya ndefu zilizolala sambamba, ambazo huambukizana umeme kama kapasita. Uzi wa halojeni usingeweza hata kupata vuguvugu kwa kiasi hicho. LED inatosheka. Fundi huunga kifaa kidogo sambamba na taa, na mvujo unapita humo.

Taa inakataa kuwaka dima ikiwa chini, mpaka uipandishe ndipo iruke. Dima nyingi za LED zina skrubu ndogo au namna ya kubonyeza ya kuweka kiwango cha chini. Kipandishe hadi pale balbu zote zinapowaka kwa uhakika zikiwa baridi, kwa sababu balbu iliyokwisha kupata moto wakati mwingine hushuka chini zaidi kuliko inavyoweza kuanzia.

Balbu mahiri, zinazotawaliwa kwa simu, zisiungwe kwenye dima ya ukutani hata siku moja. Zina dima yao ndani.

Joto nalo limehama, halikutoweka. Halojeni ilichoma kila kilichoikaribia, na dari zenye sufi ya kuhami joto zilihitaji nafasi wazi kuizunguka. LED ina joto dogo zaidi, ila linabaki nyuma, kwenye mapezi ya alumini na kapasita ya drava, na kapasita hizo hufa mapema zikipikwa. Balbu iliyoandikwa saa 25,000 haitazifikia ikiwa imefunikwa kwa sufi ndani ya kikopo kisichopitisha hewa. Pima pia urefu: baadhi ya LED ni ndefu kuliko halojeni zilizotangulia, na hazikai sawa kwenye fremu.

Ushauri wa kununua moja ya kujaribu ni mzuri nusu. Ile moja ukiichanganya na halojeni tisa itafanya kazi karibu kila mara, na haitakwambia chochote. Jaribio la kweli ni kujaza saketi nzima kwa balbu za aina moja, usiku, ukaishusha dima hadi chini, ukazima, ukawasha tena kutoka chini. Elekeza kamera ya simu kwenye taa: ukiona mistari myeusi ikitembea kwenye skrini, kuna kupepesa ambako jicho halikuoni, ingawa baadhi ya watu huumwa kichwa nako. Kwa hiyo nunua mahali panapokubali kurudishiwa, na kabla ya hapo tafuta orodha ya mtengenezaji wa dima inayotaja balbu alizozijaribu.

Na yule mwenye sebule? Anaweza kuirudisha halojeni yake moja na kuachana na fundi. Taa zitatulia, dima itapata cha kushika. Ila ajue kwamba balbu hiyo moja, kwa wati zake 50, inakula umeme mwingi kuliko zile tisa nyingine kwa pamoja, na kwamba Ulaya ilishaanza kuziondoa halojeni za kawaida sokoni kabla hata ya mwaka 2018 kwisha. Ikiungua, dima itarudi palepale.